Nani Mwenye Kitabu? Safari ya Vocabulaire ya Elisabethville toka Karatasi hadi Kompyuta

1. Utangulizi

Katika mjadala wa siku hizi juu ya kitabu cha karatasi na usomaji wa kompyuta au simu, hudhaniwa mara nyingi kwamba msomaji ana rafu iliyojaa vitabu nyumbani kwake, na kwamba jambo lililobaki ni kuamua kama aendelee kuvitunza au avigawe na kusomea kwenye kioo. Wanaotetea karatasi husema kwamba kitabu ni mali: hushikwa, huazimwa, hurithiwa, wala hakihitaji umeme. Wanaotetea maandishi ya dijitali husema kwamba hayachukui nafasi, hayana gharama kubwa ya kusafirishwa, na hufika kule ambako sanduku la vitabu halijapata kufika. Kila upande una ukweli wake.

Hata hivyo, kwa mji wa Lubumbashi na viunga vyake mjadala huo hauwezi kuanzia hapo. Mwanafunzi anayekaa Kinsevere, karibu na machimbo ya shaba yaliyochukuliwa na kampuni ya MMG mwaka 2012, yuko umbali wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, na maktaba ya Chuo Kikuu iko mbali naye zaidi ya simu iliyo mfukoni. Kwake yeye swali la kwanza si kama anapenda karatasi au kioo. Swali ni hili: kitabu kilichoandikwa na watu wa mji huu, kwa Kiswahili cha mji huu, kiko wapi, ni cha nani, na nani awezaye kukisoma?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kufuata historia ya andiko moja tu, yaani Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965. Andiko hili limepata miili mitatu. Kwanza lilikuwa kijitabu cha kurasa zilizopigwa taipu na kurudufiwa. Pili lilikuwa kitabu kamili kilichochapwa Uholanzi mwaka 1990. Tatu lilikuwa maandishi ya dijitali yaliyowekwa kwenye mtandao mwaka 2001. Hoja ya makala ni kwamba kila mara andiko hili lilipobadili mwili lilibadili pia wenyewe, na kwamba hakuna hata mwili mmoja kati ya hiyo mitatu uliotosha peke yake kulifanya lisomwe. Kilicholifanya lisomwe ni sauti ya msemaji wa lugha yenyewe.

2. Vijitabu vya mabwana

Ili kuelewa kwa nini kazi ya Yav iliitwa kwa neno la Kifaransa vocabulaire, ingawa si kamusi wala si orodha ya maneno, hapana budi kurudi nyuma kidogo.

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1906. Kiswahili hakikuwa lugha ya asili ya wenyeji wa eneo hilo. Kilikuwa kimeingia Katanga kwa njia ya misafara ya biashara, na kilijulikana katika utawala wa Msiri huko Bunkeya kabla ya kuuawa kwake mwaka 1891. Kilipata kuwa lugha ya mji baadaye, pale wafanyakazi walipozidi kuletwa kutoka upande wa kaskazini na mashariki ya koloni, na pale utawala wa Kibelgiji ulipotaka kupunguza nguvu ya Kiingereza na ya lugha zilizoingia pamoja na watu wa Rhodesia.

Katika mazingira hayo vilitokea vijitabu vingi vya kuwafundisha Wazungu Kiswahili. Johannes Fabian amevichambua vijitabu vya namna hiyo katika kitabu chake Language and Colonial Power, kilichotoka mwaka 1986 na kinachohusu kipindi cha kuanzia 1880 hadi 1938. Vijitabu hivyo vilikuwa na majina kama vocabulaire, guide au petit cours. Vilikuwa vyembamba, vya kutiwa mfukoni, na sehemu kubwa ya sentensi zake zilikuwa za kuamuru. Mhandisi, mke wa karani au msimamizi wa kambi alijifunza humo namna ya kuagiza maji ya moto, kutuma mtu sokoni, kuuliza kazi imekwisha au haijakwisha. Hakujifunza humo namna ya kumsikiliza anayemwagiza.

Kwa hiyo katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville lugha ya mtumishi ilikuwa ndani ya kitabu, lakini kitabu hicho kilikuwa mali ya bwana. Mtumishi, ambaye mjini aliitwa boyi hata akiwa na wajukuu, alikaa katika kibanda cha nyuma ya nyumba, akapika, akafua, akalea watoto wa wengine. Aliyajua maneno yote yaliyomo katika kijitabu cha bwana, na mengine mengi yasiyokuwamo. Aliyamiliki kwa kinywa, si kwa karatasi.

3. Kijitabu cha mwaka 1965

Mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru na miwili baada ya kumalizika kwa kujitenga kwa Katanga, watumishi wa zamani wa nyumbani walitoa andiko lao wenyewe. Mtungaji wake, André Yav, aliandika kwa jina la chama cha wenzake. Kurasa zilipigwa taipu, zikarudufiwa, zikafungwa pamoja. Kampuni ya uchapishaji haikuhusika, wala misheni, wala ofisi ya serikali.

Yaliyomo ni historia. Andiko linasimulia kuja kwa Wazungu, habari za Msiri, wafalme wa Ubelgiji, kuanzishwa kwa mji na kazi. Linaeleza maisha ya watumishi, mishahara na vyakula vyao, na majina ambayo Waafrika waliwapa mabwana zao. Linasimulia pia habari za batumbula, yaani watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Habari hizo zimechunguzwa baadaye na Luise White katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, ambamo andiko la Yav limetumika kama ushahidi. Mambo hayo yote hayakuwamo katika vitabu vya historia vilivyofundishwa shuleni. Walioyajua ni watu waliokuwa wamesimama nyuma ya viti wakati mabwana wakila na kuzungumza.

Jina Vocabulaire basi laweza kusomwa kama jibu. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi mabwana walikuwa na vocabulaire zao za kuwaamuru watumishi. Sasa watumishi nao walikuwa na yao, ya kuwataja mabwana na kuwaeleza. Hiyo ni tafsiri tu, maana andiko lenyewe halitoi maelezo marefu juu ya jina lake, lakini ni tafsiri inayokubaliana na mpango wa yaliyomo, ambamo kutaja majina ya watu na mahali ni sehemu kubwa ya kusimulia.

Mwili huu wa kwanza wa kitabu ulikuwa na faida moja isiyopatikana tena baadaye: ulikuwa mikononi mwa wenyewe. Karatasi zilirudufiwa mjini, na walioandikwa ndani yake walikuwa wakaaji wa mji uleule. Lakini ulikuwa pia na udhaifu mkubwa. Karatasi ya kurudufia ni nyepesi, na wino wake hufifia. Katika nyumba za Lubumbashi karatasi ya namna hiyo ina maadui wawili, nao ni mchwa na unyevu wa masika, ambayo hapa huchukua miezi mitano au sita ya kila mwaka. Mwaka 1966 mji wenyewe ulibadilishwa jina, na neno Elisabethville lililokuwa juu ya jalada likawa neno la zamani kabla kijitabu hakijatimiza miaka miwili. Andiko lililobaki katika nakala chache za namna hiyo lilikuwa karibu kupotea.

4. Kitabu cha mwaka 1990

Andiko la Yav liliokolewa na watafiti. Fabian alifundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuanzia 1972 hadi 1974, wakati kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na baadaye akawa profesa Amsterdam. Mwaka 1990 kampuni ya John Benjamins ilitoa kitabu kiitwacho History from Below, chenye andiko la Yav, tafsiri na maelezo. Fabian alikihariri akisaidiwa na Kalundi Mango, na maelezo ya kiisimu yaliandikwa na Walter Schicho.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika kazi hiyo ni namna andiko lilivyosomwa. Yav na wenzake hawakuandika kwa tahajia ya shule. Neno moja liliandikwa kwa namna mbili au tatu. Silabi za kitenzi ziliachanishwa, na maneno mawili yakaunganishwa. Alama za vituo zilikuwa haba. Kwa mfano, umbo kama ananiambia, likiandikwa ana ni ambia katika mstari mmoja na ananiambia katika mstari mwingine, humchelewesha msomaji wa kimya aliyezoea Kiswahili sanifu. Aidha, Kiswahili chenyewe ni cha Katanga: watu ni batu, vitabu ni bitabu, na maneno ya Kifaransa yametiwa viambishi vya Kibantu kana kwamba yalizaliwa humo.

Wahariri walipokwama walifanya jambo lililo jepesi kulieleza: Kalundi Mango alilisoma andiko lote kwa sauti, kisha usomaji wake ukaandikwa. Pale jicho liliposhindwa, sikio lilifaulu. Mipaka ya maneno, vituo, mkazo, hata mzaha, vilirudi mara tu mtu anayekijua Kiswahili hicho alipokitamka. Fabian aliliandikia jambo hili makala tofauti yaliyotoka mwaka 1993, akidai kwamba kusoma maandishi ya namna hiyo ni kuendelea kusikiliza.

Msomaji anayejua fasihi ya pwani atakumbuka jambo linalofanana nalo. Miswada ya tenzi iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi hazikutofautisha e na i, wala o na u, na zilikosa herufi maalumu za sauti kadhaa za Kiswahili. Mswada wa Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya mwaka 1728 umehifadhiwa Hamburg. Lakini mtu asiyeujua Kiswahili cha kale hawezi kuusoma kwa kuziangalia herufi tu. Lazima alete lugha kichwani mwake ndipo karatasi imjibu. Katika Lamu na Mombasa, sawasawa na katika Lubumbashi, karatasi ilikuwa ukumbusho wa sauti, si badala yake.

Hivyo kitabu cha 1990 kilikuwa ushindi mkubwa kwa andiko la Yav. Lilipata jalada imara, tafsiri ya Kiingereza, maelezo ya kitaalamu na nafasi katika maktaba za dunia. Lakini papo hapo lilibadili wenyewe. Lilichapwa Amsterdam na Philadelphia, katika mfululizo wa vitabu vya isimu, likauzwa kwa bei ya vitabu vya namna hiyo, na msomaji wake wa kwanza akawa mtaalamu wa chuo kikuu cha Ulaya au Marekani.

Mwaka huohuo ulikuwa mbaya kwa Lubumbashi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika bweni zao za Chuo Kikuu, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Mwezi wa Septemba mgodi wa Kamoto, ulio katika eneo la Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines, shirika lililokuwa limerithi mali ya Union Minière mwaka 1967, ukashuka kwa kasi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1991 maduka na ofisi za mji ziliporwa. Katika hali hiyo ununuzi wa vitabu kutoka nje kwa fedha za kigeni ulikuwa jambo gumu kwa maktaba, na lisilowezekana kwa mtu binafsi anayeishi kwa mshahara wa zaire. Historia ya watumishi wa Elisabethville ilikuwa imepata kuwa kitabu, ila watoto wa watumishi hao hawakuwa na fedha za kukinunua.

Jambo hili halikuwa geni katika historia ya Kiswahili. Habari za Tippu Tip, alizozisimulia mwenyewe kwa Kiswahili na ambazo zinahusu sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki, zilichapwa kwanza Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Wasomaji wa Afrika Mashariki walizipata kwa wingi katika miaka ya 1958 na 1959 tu, zilipochapwa upya pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Maandishi yalitoka huku, yakapata mwili kule, yakarudi baada ya nusu karne.

5. Kurudi kwa njia ya kompyuta

Andiko la Yav halikungoja nusu karne. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, Fabian na mwenzake Vincent de Rooij walianzisha katika Chuo Kikuu cha Amsterdam mahali pa kuhifadhia maandishi ya Kiswahili cha Kongo kwenye mtandao, palipoitwa Archives of Popular Swahili. Mwaka 1998 yaliwekwa humo mazungumzo ya Kiswahili kati ya Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeisimulia historia ya Zaire kwa michoro zaidi ya 100 katika miaka ya 1973 na 1974. Michoro yenyewe iko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Kitabu juu yake, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza. Lakini maneno ya Tshibumba, kwa Kiswahili alichokisema, yalipata nafasi kamili kwenye mtandao. Mwaka 2001 ilifuata Vocabulaire ya Yav: andiko la asili, usomaji wake na tafsiri.

Tofauti kati ya mwili wa pili na wa tatu si ndogo. Kwanza, malipo yaliondoka. Mtu yeyote aliyefikia mtandao aliweza kulisoma andiko bila kulinunua. Pili, urefu haukuwa tena kizuizi. Mchapishaji wa vitabu huhesabu kurasa, na mara nyingi maandishi ya lugha ya Kiafrika ndiyo hukatwa kwanza, yakabaki maneno machache ndani ya maelezo ya Kiingereza. Kwenye mtandao andiko liliweza kuwekwa zima. Tatu, mwanaisimu alipata kifaa kipya: aliweza kutafuta kiambishi au neno moja katika andiko zima kwa muda mfupi, kazi ambayo kwa karatasi ingechukua majuma.

Fabian mwenyewe alilitazama jambo hili kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 2008, Ethnography as Commentary, kinachohusu mazungumzo yake ya mwaka 1974 na Kahenga, mganga aliyemfanyia kazi ya kuifunga nyumba isiingiliwe na wezi. Hoja yake ni kwamba andiko likiwapo zima mbele ya msomaji kwenye mtandao, mtafiti hawezi tena kusema kwa niaba yake bila kuhojiwa. Kazi yake inakuwa ya mfafanuzi, kama wafafanuzi wa zamani waliokaa kando ya kitabu. Katika mwaka uleule Jan Blommaert alitoa Grassroots Literacy, kitabu kinachochambua maandishi ya mkono kutoka Katanga, yakiwamo ya Tshibumba. Kwa pamoja kazi hizo zilithibitisha kwamba maandishi ya watu wasio wasomi wa vyuo ni maandishi kamili, yenye kanuni zake, wala si Kiswahili kibovu kinachongoja kusahihishwa.

Hata hivyo kurudi huku hakukuwa kamili. Tovuti ilisimama Amsterdam, maelezo yake yakawa ya Kiingereza, na kufika kwake Lubumbashi kulitegemea umeme, vifaa na bei ya mtandao. Mnamo mwaka 2001 simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zikienea mjini, nazo zilikuwa za kuzungumzia tu. Ni pale simu zenye kioo kikubwa zilipopatikana kwa bei ya chini kidogo ndipo maandishi hayo yalipoweza kufika, angalau kwa kadiri ya kifurushi alichonunua mtu, katika nyumba ya Katuba au Ruashi, au katika kijiji cha Kinsevere.

6. Kumiliki na kusoma

Kutokana na safari hii yafaa kurudi kwenye mjadala wa karatasi na dijitali na kuupima upya.

Wanaotetea karatasi wana hoja yenye nguvu wanaposema kwamba msomaji wa dijitali mara nyingi hamiliki anachokisoma. Mwezi wa Julai 1009 na miaka elfu yake ingekuwa ngano, lakini mwezi wa Julai 2009 ni historia: kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuvitoa. Fedha zilirudishwa, lakini wasomaji waliona kwamba walichonunua kilikuwa ruhusa tu, nayo ruhusa huweza kuondolewa.

Katika Kongo jambo hili limeonekana kwa njia nyingine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 serikali iliamuru mtandao ukatwe nchini kote, na haukurudishwa hadi baada ya takriban siku 20. Mnamo Januari 2015 pia ulikatwa. Katika siku hizo maandishi yaliyokuwa yakitegemea mtandao yalikuwa kana kwamba hayapo, na kitabu kilichokuwa juu ya meza kilisomwa kama kawaida. Wala hatari hiyo si ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandao zikazimika kwa miezi mingi.

Lakini wanaotetea dijitali nao wanaweza kuonyesha kurasa za mwaka 1965, zilizokuwa mali halali ya wenyewe na ambazo zisingevuka karne kama zisingenakiliwa. Umiliki wa karatasi ni umiliki wa kitu kimoja mahali pamoja. Moto mmoja, au mvua moja iliyopita kwenye bati lililotoboka, humaliza kila kitu. Kuna pia umiliki unaofunga: kitabu kikiwa katika kabati la profesa au katika maktaba ya ng'ambo, kina mwenyewe, lakini hakina wasomaji.

Mfano mzuri wa kuziunganisha njia hizi mbili umetoka pwani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za dijitali katika miaka ya 2010 kwa mpango wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, mpango ambao sharti lake ni kwamba maandishi ya asili yasiondolewe nchini. Nakala ilikwenda London. Karatasi zikabaki Lamu, kwa watu wanaozijua. Kwa hiyo hata pale mashine za London ziliposhambuliwa, miswada yenyewe haikuwa imepotea. Kwa upande wa andiko la Yav mpangilio umekuwa kinyume: maelezo, kitabu na maandishi ya dijitali vyote vilijengwa mbali, na mji uliolizaa andiko ukabaki kuwa mgeni wake.

Hapa ndipo jambo la sauti linapopata uzito wake. Karatasi ya 1965 haikusomeka vema bila Kalundi Mango kuitamka. Kitabu cha 1990 na tovuti ya 2001 vimejengwa juu ya usomaji huo. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya andiko haikuwahi kuwa ndani ya karatasi wala ndani ya kompyuta, bali ndani ya vinywa vya watu wa Katanga, na sehemu hiyo ndiyo isiyoweza kununuliwa wala kufutwa kwa mbali. Lakini nayo yaweza kupotea. Kiswahili alichokiandika Yav kilikuwa cha wazee wa wakati wake. Vijana wa leo wana Kiswahili chao, chenye Kifaransa kingi zaidi na maneno mapya ya mjini, na wale waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu kabla ya mwaka 1960 wamebaki wachache sana. Kila anapozikwa mmoja wao, baadhi ya maneno ya Vocabulaire hubaki bila mtu wa kuyaeleza.

7. Hitimisho

Historia ya Vocabulaire ya Elisabethville inaonyesha kwamba swali la kumiliki vitabu au kusoma kwa dijitali haliwezi kujibiwa kwa kuchagua upande mmoja. Mwili wa kwanza ulikuwa na wenyewe lakini haukuwa na ulinzi. Wa pili ulikuwa na ulinzi lakini ulikuwa mbali. Wa tatu ulikaribia, ila umekaa juu ya waya ambazo mwingine hushika swichi yake. Andiko limeokoka kwa sababu lilipita katika miili yote mitatu, na kwa sababu katika kila hatua alikuwapo mtu aliyeweza kulitamka.

Kwa taasisi ya Kiswahili iliyo karibu na wenye lugha hiyo, mambo matatu yanafuata, nayo si ya gharama kubwa. La kwanza ni kuyachukua maandishi yaliyokwisha kuwekwa kwenye mtandao, ya Yav, ya Tshibumba na ya wengine, kwa idhini ya waliyoyahariri, na kuyachapa kwa karatasi hapa hapa Lubumbashi, pamoja na utangulizi wa Kiswahili, ili nakala ziwekwe maktabani na katika shule za viunga, Kinsevere ikiwamo. La pili ni kuyahifadhi katika kompyuta na simu za wanafunzi kwa namna isiyohitaji mtandao, ili yasizimike pamoja nao. La tatu, ambalo haliwezi kuahirishwa, ni kuwapelekea wazee waliobaki kurasa hizo, kuwasomea au kuwaomba wasome, na kunasa sauti zao wanapozieleza. Karatasi inaweza kuchapwa tena mwaka ujao, na tovuti inaweza kufufuliwa. Mzee wa Kamalondo aliyepika katika jikoni za Elisabethville hapatikani kwa njia hiyo.